Kabla Hujampeleka Shule ya Vipaji

Kama una mtoto mwenye akili, na mwalimu mkuu amekuja mpaka kwako akitabasamu, kabla hujapiga vigelegele vuta kiti unisikilize. Mimi si msomi. Niliishia shule ya msingi, nikakaa kwenye cherehani, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Lakini haya ninayajua kwa sababu yamenikuta, na sipendi yamkute mwingine.

Mwalimu mkuu alinikuta barazani nikikunja pindo za sketi za shule. Ni mtu asiyecheka ovyo, kwa hiyo nilipoyaona meno yake nikajua kuna jambo. Akasema binti yangu mkubwa amechaguliwa kwenda sekondari ya vipaji maalumu, ile ya sayansi, ya bweni, ambako shule yao haijawahi kupeleka mtoto hata mmoja. Huko kila somo lina maabara yake. Kompyuta zipo, darubini ya kutazamia nyota ipo. "Mama," akaniambia, "watoto wa namna hii hawaji kila mwaka."

Msusi, jirani yangu wa mlango wa pili, aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaja mbio.

"Mama injinia! Leo unanishonea gauni la bure!"

"La bure kwa lipi, umezaa wewe?"

"Si mimi ninayemsuka? Hizo akili zimepitia kwenye vidole vyangu."

Tulicheka mpaka mteja wake akaja kumdai nusu ya kichwa iliyobaki.

Binti huyo nyumbani tunamwita Kwanini. Tangu alipojua kuunganisha maneno hakuacha kuuliza. Kwa nini mvuke unapanda? Kwa nini sumaku ya baba inavuta msumari na haivuti sufuria? Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza mageti na madirisha, na alikuwa akimjibu mpaka anaishiwa. "Sasa hilo kamuulize Mungu," anamwambia, "mimi nina geti la watu."

Nyuma ya Kwanini yupo kitindamimba wetu, ambaye sote tunamwita Kitinda. Kitinda hasikii. Alipokuwa bado anatambaa aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona yeye, masikio hayakupona. Shule ya watoto wasiosikia ni moja na imejaa. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka tukazoea. Ila usidhani alikuwa kimya. Yeye na dada yake walijitungia lugha yao ya mikono, kidogo kidogo, tangu Kitinda alipoanza kusimama. Kila mtu walimpa jina. Jina langu mimi ni kung'ata uzi. Jina la baba yao ni kiganja mbele ya macho, kama kile kioo anachojikinga nacho moto ukiruka. Msusi ni vidole vinavyosokotana huku mdomo haufungi, na siku alipoonyeshwa alinuna mpaka jioni. Watoto wale wakikaa pamoja utadhani redio imefunguliwa, ila haina sauti. Mara wanacheka, mara wamegombana, mara Kitinda anauliza jambo na Kwanini anafikiri kabla ya kumjibu.

Na sisi wakubwa? Sisi tulikuwa na Kwanini. "Kwanini, mwambie mdogo wako aje aoge." "Kwanini, hebu muulize anachekea nini." Maneno yalikuwa yanakwenda na kurudi kupitia kwake, na nyumba ilikuwa na amani, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ni kazi.

Basi tukakaa kikao. Nilikuwepo mimi, baba watoto, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye katika ukoo wao akishasema yeye wengine huaga.

"Kuna la kujadili hapa?" wifi akaanza. "Mtoto kaletewa bahati mlangoni, nyie mnaiuliza inatoka wapi."

"Ipo shule ya kutwa hapa jirani," nikasema. "Nayo inafundisha sayansi."

"Wifi, acha utani. Maabara yao ina meza na panya, na panya wenyewe si wa kusomea."

Baba watoto alicheka, kisha akamgeukia binti yake. Kwanini alikuwa ameketi sakafuni, Kitinda kamlalia mapajani.

"Mwenyewe unasemaje?"

"Nataka kwenda, baba. Nataka sana." Nilimwona macho yalivyomwaka. Kisha akamtazama mdogo wake. "Lakini Kitinda ataongea na nani?"

Nikajibu mimi.

"Na mimi ni nani? Huyu nimemzaa mwenyewe. Mama ana haja gani ya mkalimani kwa mwanawe?"

Neno hilo lilimfurahisha kila mtu. Wifi akapiga makofi. "Umesikia? Haya, imekwisha hiyo."

Kwanini hakubisha. Alisema tu, "Basi niwafundishe kabla sijaondoka."

Na alijaribu. Lakini ulikuwa msimu wa sare, wakati ambao kila mzazi anakumbuka siku moja na mwenzake kwamba mtoto amekua. Vitambaa vilinifika kiunoni. Kwanini alikuwa anakuja kusimama ubavuni mwa cherehani. "Mama, tazama. Hii ni 'unaogopa'. Hii ni 'umeota nini'." Mimi mikono imo kwenye kitambaa, na lugha ile ni ya mikono; ukiishika nguo huwezi kuishika ile nyingine. Nilimwambia kesho, mwanangu. Baba yake alirudi na macho mekundu ya moto wa kuchomelea, akajifunza 'njoo', akawa anamwita Kitinda kwa mbwembwe kama askari wa barabarani, tukacheka, somo likaishia hapo.

Mpaka anafunga sanduku nilikuwa nimeshika njoo, kula, oga, lala, tulia, acha.

"Mama," Kwanini akaniambia, "hayo yote ni ya kumwamrisha. Hujajifunza hata moja la kumuuliza."

"Yanatosha kwa kuanzia," nikamjibu, nikarudi kwenye pindo.

Asubuhi ya kuondoka nilimwona amechuchumaa mbele ya mdogo wake, mikono inakwenda taratibu kuliko siku zote. Kitinda akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Baba yake alinikonyeza kama kusema umeona, wamemalizana. Tukamshukuru Mungu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha Kitinda akaanza kulala. Ninamwamsha asubuhi, anakunywa chai, nikigeuka kupanga vitambaa amesharudi kitandani kwa dada yake. Ninamtoa, anakaa kidogo, anarudi. Wenzake wakija kumchukua wakacheze anawatazama tu, anajifunika. Na haukuwa usingizi wa mtu aliyechoka, maana macho aliyafumba kwa nguvu, mpaka kope zinakunjamana.

Kila akiamka alinifuata kwenye cherehani. Alikuwa ananionyesha ishara moja, ileile: vidole viwili anavigonga kwenye kiganja, kisha anafungua mkono, ananitazama usoni. Mimi sikuijua. Nilitabasamu, nikatikisa kichwa kuitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo. Anasimama kidogo akinitazama, halafu anarudi chumbani.

Akaanza kupungua mwili. Nikampeleka zahanati. Tabibu alimpima damu, akamsikiliza kifua, hakuona kitu.

"Mwenyewe anasema anaumwa wapi?"

"Hasikii, daktari. Hasemi."

"Mnawasiliana vipi?"

Nikamwonyesha. Njoo. Kula. Lala. Tulia. Tabibu alingoja, akidhani naendelea. Nilipoishiwa aliinamisha kichwa akaandika dawa ya vitamini.

"Huyo anamkumbuka dada yake," Msusi akaniambia.

"Si najua. Sasa nimwambieje?"



Kule bweni simu ilikuwa ya Jumapili, kwa simu ya matroni, wasichana wamejipanga nyuma wanasubiri zamu. Kwanini alinieleza habari za maabara mpaka pumzi zinamkatika, jinsi walivyochoma chumvi na moto ukageuka rangi. Kisha akauliza, "Kitinda hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakula, analala. Wewe soma."

Ningesema nini? Mtoto yuko mbali, ana raha yake, nimtie donge?

Likizo ilipofika baba yake alikwenda kumpokea. Aliingia na mkoba bado begani, amerefuka, akapita moja kwa moja mpaka chumbani. Kitinda alikuwa kitandani macho amefumba. Dada yake alimgusa mguu. Akafumbua. Nilitegemea aruke, amrukie shingoni. Hakuruka. Alimtazama muda mrefu, mikono ikatoka ndani ya shuka, ikasema kitu kifupi.

Kwanini akakaa kitandani akaanza kulia.

"Anasemaje?" nikauliza. "Kwanini, anasemaje?"

"Anauliza kama sasa amelala vya kutosha."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kwa kukatakata, kamasi zinamtoka. Siku ya kuondoka alitaka kumwachia mdogo wake kitu cha kushika. Akamwambia: kila utakapolala na kuamka, mimi nitakuwa nimekaribia kurudi. Kitinda akalifanyia kazi neno hilo. Akawa analala ili dada yake aje upesi.

Nikagonga vidole viwili kwenye kiganja, nikafungua mkono. "Na hii? Alikuwa ananionyesha hii kila siku."

"Hiyo ni 'bado?' Alikuwa anakuuliza, bado? Wewe ulimjibu nini?"

Nilikuwa nimemwitikia. Kila siku, huku natabasamu, nimemwitikia mtoto ndiyo, bado, naye anarudi kulala.

Kwanini hakungoja jibu. Alilisoma usoni kwangu.

Shule ilipokaribia kufunguliwa Kwanini alitwambia harudi. Baba yake alipandisha sauti, kisha akaishusha, akaomba kama anavyomwomba mteja mgumu. Wifi alikuja mbiombio, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Yaani mtu aache maabara kwa ajili ya usingizi wa mtoto? Huo ni wazimu!"

"Shangazi," Kwanini akasema, "jina lako kwa Kitinda unalijua?"

"Jina gani?"

"Analo jina lako. Miaka yote hii. Hujawahi kuuliza?"

Wifi akatafuta mahali pa kuketi.

Nami hapo ndipo neno langu lilipohitajika. Ningeweza kusema, rudi mwanangu, safari hii nitajifunza, shahidi Mungu. Nilifungua kinywa. Lakini nilikuwa nimeshalisema hilo kwa namna nyingine, kwenye kile kikao cha kwanza, na kila mtu mle chumbani aliona lilipotufikisha. Nilimtazama Kitinda mifupa ya mabega ilivyochomoza, nikaogopa. Nikanyamaza. Na mama akinyamaza, mtoto kama Kwanini anajua amejibiwa.

Nafasi ile hawakuiweka. Alipewa mtoto mwingine, na ninamwombea heri huyo mtoto. Mwalimu mkuu alipita barazani, safari hii bila meno. "Mama," akasema, "mmefanya nini?" Kisha akaenda zake.

Sasa Kwanini anasoma shule ya kutwa, ile ya meza na panya. Anashika namba moja bila kutoka jasho. Jina tunamwita lilelile, lakini kuuliza ameacha. Baba yake wakati mwingine anamchokoza makusudi, "Hivi, kwa nini chuma kikipoa kinaimba?" Anajibu, "Sijui, baba," na jibu analijua. Kila alasiri anatufundisha mikono, mimi na baba yake, amesimama mbele yetu kama mwalimu mkali, anarudia mpaka tupate. Kitinda ameamka, amenenepa, anamcheka baba yake anavyokosea mpaka anajishika tumbo. Kwanini hacheki.

Sikwambii usimpeleke wako. Wifi yangu hakuwa mjinga. Shule zile zinafungua milango ambayo mimi hata kuigonga sijui. Ninachokwambia ni utazame kwanza mtoto huyo ameshika nini ndani ya nyumba yako. Mwenye akili huwa kashika kitu, na kwa kuwa anakishika bila kulalamika hamkioni. Kitafute. Kishike wewe, kikukae mkononi kabisa, ndipo umwambie aachie aende. Na usimwulize yeye peke yake. Waulize na wanaobaki. Kama hujui namna ya kuwauliza, basi hujawa tayari.

Jana Kitinda alinijia nikishona. Alikuwa na habari ndefu, mikono inaruka, uso umechangamka. Nikashika maji, nikashika dada, nikashika kitu kinachopanda juu. Mengine yakanipita. Nikaita kama nilivyozoea, "Kwanini! Njoo uniambie anasemaje."

Alikuja mpaka mlangoni, bikari ya hesabu mkononi. Akamtazama mdogo wake mpaka mwisho wa habari, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa yote.

"Muulize mwenyewe, mama," akasema. Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtu aliyechoka, akarudi ndani.

Nikaondoa mguu kwenye pedeli. Nikaweka kitambaa kando. Kitinda alikuwa amesimama mbele yangu akiitazama mikono yangu, anangoja, na mimi nikaiinua.