Picha ya Tatu

Orodha ya matokeo ya shule ilitoka Jumatatu asubuhi, na kabla kengele ya kwanza haijagongwa shule nzima ilikuwa imeshajua. Mji ulikuwa na shule sitini na moja, na wao walikuwa wa sitini na moja. Mwalimu mkuu alilikuta gazeti mezani kwake, limekunjwa vizuri upande wa jedwali. Hakuuliza nani ameliweka. Alilitia kwenye droo, akachukua chaki, akaingia darasa la sita kufundisha hesabu za sehemu, maana mwalimu wa hesabu alihama mwezi uliopita na hakuna aliyeletwa badala yake.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na saba. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee aliishi nchi ya mbali, akipiga simu Jumapili kwa sauti ya mtu aliyeshika mlango tayari kutoka. Shule yenyewe ilikuwa katikati ya mji, imebanwa na baa kama jino zima katikati ya mabovu, ingawa watu wa mjini wangekwambia jino bovu ni lipi. Kila alfajiri mlinzi alifagia vipande vya chupa langoni kabla watoto hawajafika. Na watoto wengi walikuwa wale ambao shule za juu kwenye orodha zimewakataa. Miezi michache kabla ya mtihani, mzazi huitwa ofisini, akakaribishwa kiti, akaambiwa kwa upole kwamba mwanawe angefaa zaidi mahali pengine. Mahali pengine palikuwa shuleni kwake.

Njia fupi ya kwenda nyumbani ilikatiza bustani ya mji. Yeye hakuifuata. Alizunguka nyuma ya posta, dakika kumi na tano zaidi, kwa sababu kwenye benchi la tatu la bustani alikuwa akishinda mdogo wake.

Huyo ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao. Yeye dada mtu ndiye aliyemfundisha kusoma, akimpakata, kidole chake juu ya kidole cha mtoto. Mdogo mtu alipofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi aliongoza mji mzima. Akawa mpima ardhi, akaoa, akapata watoto wawili. Kisha pombe, kwanza ya Ijumaa, halafu ya kila siku, halafu ya asubuhi. Kazi ikaondoka, mke naye akaondoka na watoto. Pale bustanini wenzake walimwita Profesa. Miaka miwili iliyopita alikuja shuleni amelewa chakari, akataka kuwasalimia wanafunzi, na dada yake akamshika mkono hadi langoni akamwambia asikanyage tena pale. Akatii. Ndipo dada alipoanza kuzunguka posta.

Alhamisi saa tisa alasiri halmashauri iliitisha mkutano wa hadhara. Ajenda zilikuwa mbili: matokeo ya shule na kero ya ulevi katikati ya mji. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani.

Mzazi mmoja alisimama akasema, "Mimi mtoto wangu pale simpeleki. Akiwa njiani anapishana na walevi, akifika darasani yuko shule ya mwisho mjini."

Mwenye baa inayotazamana na shule akajibu kwamba yeye ana leseni. "Watoto wamefeli hesabu," alisema. "Bia yangu haijawahi kumfundisha mtu hesabu." Watu wakacheka. Ofisa elimu akasema orodha haimchukii mtu, namba ni namba.

Halafu mwenyekiti wa wenye maduka akaomba taa zizimwe, akaonyesha picha ukutani. Ya kwanza ilikuwa chupa zilizopangwa kwenye ngazi za benki. Ya pili wanaume wawili wameegemeana kama mabati mawili, na kicheko kikaanza. Ya tatu ilikuwa mtu amelala kwenye benchi, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, na mbwa ameweka kichwa juu ya kile kiatu.

Ukumbi uliangua kicheko. "Huyu ndiye Profesa," mwenyekiti alisema. "Hawa ndio tunaowalea."

Makamu wa mwalimu mkuu, aliyeketi kando yake, alimgusa kiwiko. "Mwalimu, umemwona yule mbwa?"

Mwalimu mkuu naye akatabasamu. Tabasamu lilikuja lenyewe, na alilihisi usoni mwake kama kitu cha kuazima. Hakuna mwalimu hata mmoja pale aliyejua kwamba Profesa ni mdogo wake. Mwalimu pekee aliyekuwepo siku ile ya langoni ndiye yule wa hesabu aliyehama.

Taa zikawashwa, wakamwita mwalimu mkuu azungumze. Alikuwa na kurasa nne alizoandika kwa mkono, zenye idadi ya watoto waliohamishiwa kwake na miezi waliyohamishwa. Alisoma nusu ya ukurasa wa kwanza, kisha akazikunja.

"Naomba ile picha ya tatu irudishwe."

Kijana wa mitambo alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akainua mabega. Picha ikarudi.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Baba mmoja, mama mmoja. Mwaka wake wa mtihani alikuwa wa kwanza mji mzima. Orodha ile ninayo nyumbani, na haikukosewa. Miaka miwili sasa nazunguka njia ili nisimwone." Akazitia zile kurasa mfukoni. "Ni hayo tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Meya, aliyeongoza mkutano, alikohoa, akamwita msemaji mwingine. Makamu wa mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Jua lilikuwa bado juu alipotoka, na safari hii alikata moja kwa moja bustanini. Mdogo wake alikuwa amesimama kando ya benchi. Mwenzake mmoja alikuwa dirishani kule ukumbini na alishamletea habari.

"Dada, nani alikutuma?"

"Walikuwa wanakucheka."

"Walikuwa wanamcheka Profesa. Profesa ameshazoea kuchekwa." Hakuwa amelewa sana, na hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi. "Wewe umewapa mimi mwenyewe wanicheke. Umewapa na mama yetu."

"Nilidhani..."

"Ulipokuwa unapita kule posta nilikuwa nakuona. Nilisema, afadhali, dada yangu ananisitiri. Sasa hata hilo sina."

Akachukua mfuko wake, akaondoka kuelekea sokoni. Dada yake hakumfuata. Alikaa kwenye benchi mpaka wenzake Profesa wawili wakaanza kunong'ona, wasijue wamfukuze au wamkaribishe.

Gazeti la Ijumaa likaandika kwamba mkuu wa shule ya mwisho ni dada wa mlevi. Wazazi watano wakaja kuwaondoa watoto. Halmashauri ikaamua baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni, na orodha iendelee kutoka kama kawaida. Ofisi ya elimu ikamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Akajieleza, na hakujibiwa. Walimu walimsalimia kwa adabu zaidi kuliko zamani. Binti yake alipopiga simu Jumapili aliuliza habari za mvua.

Kila siku sasa alipita bustanini. Benchi lilikuwa na watu wengine. Akiwauliza, walimwambia Profesa amehamia ng'ambo ya mto, au yuko kwa rafiki, au hawajui, mama.

Wiki ya saba, Jumamosi mchana, alikuwa peke yake ofisini akisahihisha madaftari ya darasa la sita. Aliposikia kikohozi aliinua kichwa. Mdogo wake alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amekonda, amenyoa vibaya.

"Ulinikataza kuingia," alisema.

"Ingia."

Alikaa kwenye kiti cha wazazi. Harufu ya pombe ilikuwa ile ile. Hawakuzungumzia mkutano. Alimwuliza dada kama mguu bado unamuuma, dada akamwuliza analala wapi. "Mahali," alisema. Kisha akavuta daftari moja la juu, akalisoma kwa muda mrefu.

"Huyu umemkosesha bure, dada. Jibu ni sahihi. Amepita njia yake mwenyewe, tazama hapa."

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akafuata kidole chake mstari kwa mstari. Kweli alikuwa amekosea. Akafuta, akaandika vema. Wakasahihisha madaftari mengine tisa hivyo, yeye akiandika na mdogo wake akisoma, hadi mkono wa mdogo wake ulipoanza kutetemeka kwa kiu ya pombe naye akainuka.

"Baki kidogo. Nitakupikia."

"Siwezi, dada. Si leo."

Alimsindikiza hadi langoni. Alitaka kumwuliza atarudi lini, akaogopa jibu, akamwambia tu kwamba Jumamosi huwa yupo. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, akavuka barabara, akapita mbele ya baa iliyofungwa, akasimama, kisha akaendelea hadi akapinda kona. Dada mtu akarudi ofisini. Kulikuwa na madaftari thelathini na moja bado.