Mihtasari Iliyogeuzwa Muziki

Mpiga chapa alisimama nyuma ya fundi wa kompyuta, shemeji wa meneja, akimtazama kama unavyomtazama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Kila muhtasari wa kikao ambao fundi aliubonyeza ulifunguka kwenye programu ya muziki, na hakuna kilichosikika.

"Faili zimeliwa na virusi," fundi akasema. "Zote."

"Basi tena," meneja akadakia kutoka mlangoni, upesi mno. "Hakuna ushahidi."

Nje walingoja wafagiaji kumi na mmoja aliowafukuza. Mwezi wa tatu aliahidi kikaoni kuwarudisha kazini. Sasa alikana, lakini mpiga chapa ndiye aliyeyaandika maneno yale, na hasahau.

"Sogea, mwanangu. Virusi gani? Ijumaa ulikuwa unasikiliza nyimbo zako hapa, ukaiamuru mashine ifungue kila kitu kwa muziki."

"Shangazi, haya mambo ya kitaalamu."

"Utaalamu wako ni dada yako kuolewa na bosi."

Akaingia kwenye mipangilio, akaitafuta aina ile ya faili, akaiondolea programu ya muziki. Alipoubonyeza muhtasari tena, mashine ikauliza iufungue kwa programu gani. Akachagua ya kuandikia. Ahadi ikatokea, aya ya nne, neno kwa neno.

Meneja akakohoa. "Toa nakala moja, niipitie kwanza."

"Nimeshaagiza kumi na mbili," akajibu, huku printa ikinguruma. "Yako ya mwisho."

Akahesabu kumi na moja, akatoka nazo nje.