Ikipata Moto, Inazima

Asubuhi ya mtihani mjukuu wangu aliikokota pikipiki hadi katikati ya ua, akaipiga teke la kuwashia, ikaitika hapo hapo. Ikanguruma polepole, tuf, tuf, tuf, kama mtu anayetafuna bila haraka. Mwanangu mdogo, ambaye ni fundi na ndiye aliyeibadilisha injini ile, akakunja mikono kifuani.

"Sikiliza mwenyewe. Saa ya ukutani hiyo."

"Saa ya ukutani haitoki nje, Baba Mdogo," mjukuu akamjibu. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kulala.

Akavaa kofia ya chuma, akatoka nayo kuijaribu. Tulimsikia akipita duka la kona, tukamsikia akigeuka. Halafu kimya. Mimi nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, mkono ukasimama wenyewe. Baada ya muda Chiriku akatokea langoni anaisukuma, kofia ameipachika kwenye kioo, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

"Imenizimia tena. Nikiikimbiza haina neno. Nikipunguza mwendo inakohoa, inakata roho."

Hakuna aliyecheka. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kubeba chupa za damu kutoka zahanati za pembeni kupeleka maabara, na mtihani wenyewe haukuwa wa kukimbia. Ulikuwa wa kwenda polepole. Wamepanga matofali kwenye uwanja wa shule nyuma ya mtaa wetu, njia nyembamba yenye kona, unapita kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu usiguse chini, injini isizime. Asiyeweza hivyo atazitikisa chupa. Na baba yake Chiriku, mwanangu mkubwa, alikuwa ameshasema kabla hajatoka kwenda kazini: akishindwa leo, pikipiki inafunguliwa inakuwa vipuri, na binti anakwenda kwa shangazi yake kulea watoto. Mwanangu yule akisema jambo halirudii, na halibadilishi.

Sasa niieleze hiyo pikipiki. Ilikuwa ya kisasa, ya kompyuta. Mafuta yalisukumwa na pampu iliyokaa ndani ya tangi, yakanyunyizwa kwenye njia ya hewa na kidude kama sindano. Pampu ikafa, kompyuta ikafuata, na vipuri vyake havipatikani huku kwetu. Fundi akatoa vyote. Tundu la pampu akaliziba kwa bamba, akatia koki chini ya tangi, moto wa plagi akauchukua kwenye kisanduku cha pikipiki nyingine iliyokwisha kufa, na kwenye njia ya hewa akafunga kabureta, ile ya kizamani inayochanganya mafuta na hewa bila kompyuta. Kazi safi. Nilimuona akipangusa kila skrubu kwa kipande cha shuka langu la zamani.

"Nipandishie mngurumo," Chiriku akasema. "Ukiwa juu haitazima."

"Ukiwa juu itakuvuta, utaparamia matofali. Utashusha mguu tu."

"Kwa hiyo nizimiwe au nivutwe? Nichagulie, wewe si ndiye fundi!"

Fundi akatikisa kichwa. Akachuchumaa, akaiwasha tena, akaweka bisibisi kwenye skrubu ndogo ya hewa ya kabureta. Injini ilikuwa bado na joto la barabarani, ikatetemeka, ikayumba. Alipoanza tu kuizungusha skrubu, ukutani kukagongwa. Ko. Kabla ya ko la pili fundi alikuwa ameshazima.

Aliyegonga alikuwa mume wangu, kwa bakora. Tangu augue kichwa, sauti humwingia kama msumari. Basi nyumba nzima tumejifunza. Sufuria tunaziweka chini kwa mikono miwili, mlango tunausindikiza, na pikipiki ikiunguruma tunasubiri ko. Mkono wa fundi ulikuwa umezoea kiasi kwamba haukumuuliza mwenyewe.

Chiriku akabaki anautazama ule mkono.

"Baba Mdogo," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Hii pikipiki umewahi kuirekebisha ikiwa ya moto?"

"Kila siku naire..."

"Ya moto. Ya kukuunguza."

Fundi akaitoa bisibisi kwenye skrubu. Wala mimi sikuwa nimeliona hilo, na ua ni wangu. Tangu kabureta ifungwe, injini ile haikupata kuunguruma uani hata ikachemka. Ilirekebishwa baridi, ikasifiwa baridi, ikazimwa baridi.

"Basi iache iwake," Chiriku akasema.

"Na Babu?"

Wote wawili wakanigeukia mimi, kama kwamba Babu ni mzigo wangu wa kuni.

Nikaingia ndani. Alikuwa amelala chali, kitambaa chenye maji usoni.

"Mume wangu, amka twende kwa kinyozi."

"Kinyozi? Nina nywele mimi?"

"Za masikioni zipo."

"Mnanifukuza kwenye nyumba yangu kwa sababu ya kile kibati?"

"Kwa sababu ya mke mwenzangu. Ana mtihani leo. Au hukumbuki kwamba una mke mdogo?"

Akakiondoa kitambaa usoni. Nilidhani atakataa, maana kutoka nje juani kwake ni adhabu. Nikaona anapapasa chini ya kitanda kutafuta viatu. "Mwambie huyo mke mdogo," akasema, "akishindwa namwacha."

Nikamfunika kichwa kwa upande wa khanga, tukavuka njia, nikamkalisha kwenye kiti cha kinyozi kilicho ndani kabisa. Kinyozi akafunga mlango wa mbele. Niliporudi uani injini ilikuwa tayari inaunguruma na hakuna aliyekuwa akiigusa.

Tukasimama tukiisikiliza. Sijapata kusubiri kitu kiharibike kwa hamu namna ile. Mwanzo ilitafuna kama kawaida yake. Harufu ya mafuta ikabadilika ikawa ya chuma. Fundi akatemea mate kwenye mapezi ya injini, yakachemka yakakauka. Hapo ndipo ikaanza: tuf, tuf, ikaruka moja, ikakohoa, sauti ikapanda bila kuguswa kisha ikadidimia.

"Inavuta hewa mahali," fundi akasema. "Isizime! Chiriku, chezea mkono wa mafuta!"

Akachovya brashi ya rangi kwenye kopo la maji ya sabuni, akawa anapaka kidogo kidogo: shingo ya kabureta, hakuna; kwenye bomba la mpira, hakuna. Alipopaka kando ya tundu alilokuwa ameliziba, palipokaa zamani ile sindano, injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Maji yakanyonywa ndani mbele ya macho yetu, na ilipoyamaliza ikaanza kukohoa upya.

"Uliziba na nini hapo?" Chiriku akauliza.

Fundi akakuna shingo. "Mpira."

"Mpira gani?"

"Wa... wa kandambili. Lakini niliukata vizuri!"

Injini ilipozimwa, akaufungua. Ulikuwa umelainika na kusinyaa, ukatoka kwa ncha ya kidole kama ubani uliotafunwa. Ukiwa baridi ulijaza tundu barabara. Ukipata moto, ulikuwa unaachia mlango wazi.

"Kandambili, Baba Mdogo! Mimi naenda kubeba damu za watu kwa kandambili!"

"Nitukane baadaye. Nipe tupa."

Akachukua kipande cha bati nene la alumini, akakikata, akakipiga tupa, fyu, fyu, fyu, mimi nimekishika kwa koleo na mikono yote miwili. Kule uwanjani tukasikia kipaza sauti kikiita watu wa kwanza. Chiriku akakata karatasi ya gasketi, ya kukaa kati ya bamba na tundu, kwa mkasi wangu wa kushonea, ule nisioruhusu ukate karatasi. Bamba likakaa, skrubu zikakazwa kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Wakaiwasha, wakaiacha ichemke tena. Fundi akashusha mngurumo mpaka nikadhani imekufa, akaizungusha skrubu ya hewa robo baada ya robo, sikio limegusana na tangi. Sauti ikajaa. Akashusha tena. Ikabaki pale pale, chini, nzito, haitetemeki.

Hakuna aliyesema saa ya ukutani. Chiriku alishaondoka.

Nilifika uwanjani nikihema, fundi kanishika mkono. Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye filimbi, alikuwa anakunja karatasi zake. Akamtazama binti, akatazama jua, akaonyesha matofali kwa kidevu.

Chiriku akaingia. Polepole. Kwenye kona ya kwanza gurudumu la mbele likayumba, goti likatoka, mguu ukashuka mpaka nikaona vumbi likipepea chini ya soli. Haukugusa. Fundi alikuwa ananifinya mkono na hajui. Kabla yake kijana mmoja alikuwa ameshazimiwa pale pale kwenye kona ya mwisho, bado amesimama kando, uso umemshuka. Chiriku akaifikia kona hiyo kwa mwendo ambao mimi na miguu yangu ningempita. Tuf. Tuf. Tuf. Akaikata, akanyooka, akatoka, akasimama mbele ya msimamizi, injini ikiunguruma.

"Ya zamani hii?" mwanamke akauliza.

"Mpya, Mama. Ila tumeirudisha nyuma."

Mwanamke akacheka kidogo, akaandika. "Jumatatu asubuhi, mlango wa maabara. Sasa zima, tusikilizane."

Nilimuona Chiriku akiutazama ufunguo, kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Samahani, Mama," akasema. "Naomba niiache iwake kidogo."

Akaiacha. Tukasimama wote pale juani, na msimamizi naye, tukiisikiliza ikichemka.