Fundi wa Chombo Hakuwa Binti Mfalme

Kila aliyemfahamu alimwita Spana, hata mama mkwe wake ambaye kwa kawaida hakupenda majina ya utani. Alikuwa fundi bomba. Aliingia chini ya masinki ya watu, akafungua koki zilizoshika kutu, akatoka amelowa hadi viwikoni, na kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote. Wateja walipomuuliza aliipataje, alijibu, "Kwa kutazama filamu," nao wakacheka wakidhani anatania.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu shangazi yake alipompeleka sinema kuona filamu iitwayo Chombo cha Mwisho Kuondoka. Ilihusu umati wa watu waliokuwa wakisafiri kwenda kwenye sayari nyingine, na katikati ya safari maji yakakatika. Nahodha alishika kichwa. Wataalamu walibishana. Aliyewaokoa alikuwa fundi wa chombo, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuka, aliyetambaa ndani ya mabomba na taa yake kichwani. Alikosea, akalia kwa hasira, akarudi mle mle alimotoka, akakosea tena. Mwishowe maji yakatoka, watu wakanywa. Binti yule alitoka ukumbini akiwa ameshajua atakuwa nani. Nyumbani walimcheka, kisha walipoona hacheki nao, wakamtafutia chuo cha ufundi.

Kwa hiyo iliposikika kwamba sehemu ya pili imetengenezwa, baada ya miaka ishirini na kitu, Spana alikuwa kama mtu anayengoja ndege imshushe ndugu aliyepotea. Jumapili ya kwanza alimchukua mumewe na shangazi, wakaketi safu ya katikati. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la harusini.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Sauti zilitikisa viti, nyota zilipasuka, na fundi yule yule alitokea, sasa ana mvi. Spana alimshika mumewe mkono. Kisha akaja mzee mwenye joho la dhahabu, akamwambia fundi kwamba yeye ni binti wa mfalme wa nyota, aliyefichwa tangu akiwa mchanga, na kwamba damu yake ndiyo inayoamrisha vyuma. Fundi akanyoosha kiganja. Mabomba ya chombo kizima yakajinyoosha yenyewe.

Spana alimwinamia mumewe. "Amesema nini?"

"Amesema ni binti mfalme."

"Nani?"

"Fundi wako."

Ukumbi ulipiga makofi. Yeye aliiweka mikono yake mapajani na kuitazama hadi taa zilipowashwa.

Njiani kurudi shangazi alijaribu kuokoa mambo. "Nguo zao zilikuwa safi," alisema. Spana aliongeza mwendo.

Wiki iliyofuata Spana alifanya kazi kama mtu anayelipa adhabu. Alijitoa kwenye kundi la simu la wapenzi wa ile filamu, ambako alikuwa mzungumzaji namba moja. Jikoni, mumewe alimwambia kwa upole, "Ni filamu tu, mke wangu."

"Najua ni filamu tu. Ndiyo maana naona aibu kuumia hivi." Alikuwa anakatakata kitunguu, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwa kitunguu. "Miaka yote nilikuwa najiambia, kama yule ameweza, hata mimi naweza. Kumbe hakujifunza chochote. Alizaliwa nayo. Mimi nimezaliwa na nini?"

Mumewe alikuwa na akili ya kumpigia simu shangazi.

Asubuhi yake shangazi alidai bomba lake la bafuni linavuja. Spana alifika na begi lake, akalifungua bomba, akalifunga.

"Shangazi, hili bomba ni zima."

"Basi nimepona. Kaa." Shangazi alikuwa ameshamimina chai. "Unajua siku ile sikutaka kuona vyombo vya angani? Nilitaka ile ya mapenzi iliyokuwa ukumbi wa pili. Tiketi ziliisha. Ningewahi kidogo tu, leo ungekuwa unaandika barua za mahaba."

Spana alicheka bila kupenda.

"Nikuulize. Babu yako alikuwa anauza vifungo. Baba yako hawezi hata kubadilisha balbu, mpaka leo ananiita mimi. Wewe hii kazi umeirithi kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Ule mwaka wa kwanza chuoni ulikuwa unakuja hapa vidole vimevimba, nakukanda na maji ya moto huku unaapa hurudi tena. Yule aliyeandika filamu ya juzi hakuwepo. Mimi nilikuwepo." Alisukuma kikombe. "Kunywa, itapoa."

Spana alikunywa. Kabla ya kuondoka alimpigia mkuu wa chuo chake cha zamani, ambaye mara kadhaa alikuwa amemwomba azungumze na wasichana wa mwaka wa kwanza. Kila mara Spana alikataa kwa kuwa hakujiona mtu wa maneno. Sasa alisema atakuja, mradi wampe ukuta mweupe na kitu cha kuonyeshea filamu.

Aliwaonyesha ile ya kwanza, kwenye karakana ya chuo. Mwanzoni wasichana waliangua kicheko, maana uzi ulioning'iniza chombo ulionekana waziwazi, na Spana alitamani kujificha chini ya meza. Lakini fundi alipoingia kwenye mabomba kicheko kilipungua. Aliporudi mle kwa mara ya pili, wengine walikuwa wameegemea mbele. Maji yalipotoka, msichana mmoja mwenye miwani alisema, kama anayejisemea, "Mimi ningemwaga machozi nikaacha kabisa."

"Hata mimi nilimwaga," Spana alisema. "Hapa hapa, kwenye karakana hii."

Wakamgeukia. Maswali yakaanza: vidole vinauma mpaka lini, wateja wanaume wanakudharau, unafanyaje nati ikikataa kufunguka. Spana alijaribu kueleza la nati kwa maneno, akashindwa. Akavua koti, akawaita kwenye masinki ya nyuma, akamkabidhi yule mwenye miwani spana yake. Msichana akaizungusha nati upande usio wake, maji yakamrukia usoni, wenzake wakapiga kelele.

"Nani mwingine anataka kulowa?" Spana aliuliza, na wakaanza kupanga foleni.