Pengo la Namelok

Namelok hakuwa na jino hata moja, lakini ulimi alikuwa nao, na kule kijijini Piyaya kila mtu alijua kwamba ulimi ule haukuhitaji meno ili ung'ate. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Karatu, miguu ikining'inia, akitazama mataya mawili ya plastiki mezani.

"Yote mawili hushikwa na vipandikizi, vijiti vya chuma ninavyovipanda ndani ya mfupa," alisema Daktari Antonia, dada Mwiraqw wa pale pale Karatu, mwenye sauti ya upole. "Hili la kwanza, bibi, nalifunga kwa skrubu juu na chini. Halitoki, na nyama utatafuna vizuri. Likilegea, unakuja kwangu. Hili la pili lina vipandikizi viwili tu vya chini, linabana kama kifungo cha koti. La juu linashika fizi tu. Unavua mwenyewe, unaosha, unarudisha."

"Mpe la kwanza," alisema Sankale kabla mama yake hajavuta pumzi. Sankale alikuwa dereva wa kampuni ya utalii, akiwapeleka wageni kreta kuona wanyama, na bili ilikuwa yake. "Meupe, yamejaa mdomo mzima, bila pengo."

Namelok aliposikia neno pengo, damu ilimchemka. Wasichana wa rika lake waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini wakiwa wadogo, na asiye na pengo alichekwa kama ng'ombe asiye na alama. Kupitia pengo hilo alikuwa amewabariki wajukuu wote waliozaliwa bomani, akiwarushia maziwa utosini. Sasa Nasieku, binti wa Sankale, alikuwa karibu kuolewa, naye angehitaji baraka ile ile, lakini tangu fizi zilipobaki tupu maziwa yalikuwa yakimchuruzika kidevuni kama mtoto mchanga.

"Kinywa kilichofunguliwa hapa ni cha nani?" aliuliza. "Changu au chako?"

"Yeyo, mama yangu, nimealika wageni wa kampuni harusini. Siku hizi hakuna anayeng'oa meno. Watatuona washamba."

"Basi wanunulie wageni meno."

Daktari alijikohoza ili asicheke. Namelok akanyoosha kidole kwenye taya la pili.

"Nataka hili. Skrubu ikilegea wakati wa mvua na barabara imekatika, nikae na taya linalocheza nikikungoja wewe na gari lako? Hili nitalivua kwa mkono wangu. Na pengo langu liwemo."

"Nyama ngumu itakusumbua kidogo, bibi," daktari alionya.

"Visu tunavyo."

Vipandikizi vikawekwa, na miezi ikapita mfupa ukivikamata taratibu. Harusi ilipokaribia, Namelok aliitwa kujaribu meno yaliyopangwa kwenye nta, kabla fundi wa Arusha hajayakamilisha. Aliyavaa, akapewa kioo. Safu ya chini ilikuwa imejaa, haina hata upenyo wa kupitisha jani. Fundi alikuwa ameona nafasi ya meno mawili kwenye maelezo, akadhani daktari amepitiwa, akamsaidia kuyajaza.

"Samahani sana, bibi," daktari alisema. "Nitamwambia ayatoe."

"Usimwambie," Sankale aliingilia, akitabasamu hadi magego. "Mungu mwenyewe ameamua. Yaache hivyo hivyo, daktari. Mlipaji ni mimi."

Daktari akasita, akimtazama mwana, kisha mama. Kule kusita kulimuudhi Namelok kuliko meno yenyewe. Aliivua ile nta, ikiwa bado laini kwa joto la kinywa chake, akaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Jino moja likaruka. La pili likafuata.

"Yeyo!"

"Nyamaza. Unajua kwa nini uko hai? Nilichomwa na mwiba machungani, pepopunda ikanibana taya, hata kijiko hakikupita. Mama yangu alinipitishia maziwa kwenye pengo hili, tone kwa tone, mpaka taya likaachia. Nilikuwa na mimba yako." Aligusa fizi yake ya chini, palipokuwa na pengo. "Hapo ndipo chakula chako kilipopita, wewe unayeona aibu."

Alimshika mwanawe mkono, akamwekea yale meno mawili kiganjani.

"Haya ni yako. Vaa wewe."

Sankale alifumba kiganja, akatoka kwenda kukaa garini. Daktari Antonia aliichukua nta ile ilivyo, na safari hii akampigia fundi simu mbele ya Namelok.

Asubuhi ya harusi wageni wa kampuni walisimama pembeni ya zizi na simu zao. Nasieku aliinama mbele ya bibi yake. Namelok alipiga funda la maziwa, akabana meno, akaachia. Maziwa yalipita kwenye pengo, membamba, yamenyooka, yakatua utosini mwa mjukuu wake bila hata tone kupotea. Wanawake wakapiga vigelegele, naye akacheka kwa sauti, pengo lote nje, akiwageukia wageni makusudi ili waone vizuri.

Ndipo Sankale aliposogea. Alikuwa na suti mpya, viatu vinang'aa. Alipiga magoti kwenye samadi, mbele ya wageni wake wote, akainamisha kichwa.

Namelok alimwacha angoje kidogo. Kisha akachukua kibuyu, akapiga funda jingine.