Ushuhuda wa Sostenes

Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na nane, wafanyabiashara wa Kitanzania walibanana katika chumba cha hoteli pale Xiaobei, ugenini kwa Wachina, wasali kwanza ndipo wapande basi la kwenda soko la Shiling kununua mikoba. Sostenes, kiongozi wao wa ibada, akasimama kutoa ushuhuda.

"Wapendwa, kabla ya safari hii tulikuwa kikundi kidogo, tukaizunguka India kwa treni, na Bwana hakutuacha!"

"Amina!"

Melania hakuitikia. Amina ya nini? Bwana hakuwaacha, ila wao walimwacha Kassian, mume wake. Alishuka stesheni kuchota maji, treni ikaondoka. Kupitia dirishani Melania alimwona akiikimbilia, kandambili moja imemvuka. Mnyororo wa kusimamishia treni ulikuwa juu ya kichwa cha Sostenes. Melania alipiga kelele auvute, naye akamshika mkono kwa upole.

"Dada Melania, tusiwaudhi wenyeji. Tumwachie Bwana. Tufumbe macho tuombe."

Na Melania, kwa ujinga wake, akafumba. Huko nyuma Kassian akadandia behewa la mwisho, akateleza. Walimzika kulekule, na safari ikaendelea.

Sasa Sostenes aliinua mikono yote miwili, ileile iliyokuwa mizito siku ile.

"Tufumbe macho tuombe."

Chumba kizima kikafumba macho. Melania akamkodolea Sostenes macho.

"Fumbeni ninyi," akasema. "Mimi, mtu huyu alinifumbisha macho nikiwa na mume. Nilipofumbua, nilikuwa mjane."