Vifungo Alivyomeza Shangazi

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bobini alitoa chupa ya dawa nyuma ya mfuko wa vitambaa, na shangazi yake akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu bila kushona chochote. Cherehani ilikuwa ya kufunika mlio wa vidonge. Ukuta uliowatenga na jirani muuza mitumba ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wao ndio waliofuta pua.

Bobini alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na virusi vya ukimwi alizaliwa navyo. Mama yake alifariki zamani. Shangazi, fundi wa nguo, ndiye aliyemlea, akampa jina hilo, la kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani, kwa kuwa alikuwa mdogo na hatulii. Dawa hakukosa hata siku moja, na kipimo cha damu kilikuwa hakivioni virusi mwaka wa nne sasa.

"Virusi havionekani," alisema Bobini, "ila vidonge vinasikika."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo, maana alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni, na zilibaki wiki tatu.

"Huendi," alisema shangazi. "Bweni lina vitanda arobaini. Uiguse hiyo chupa mara moja tu, masikio themanini."

"Sabini na nane, shangazi. Haya yangu yanajua."

"Mtoto nakupa neno, unanihesabia masikio."

Jumamosi, kwenye kikundi cha vijana kliniki, msichana mmoja alimfundisha Bobini dawa ya mlio: pamba. Nyumbani pamba haikuwa shida, shangazi alikuwa nayo ya kujazia mabega ya makoti. Bobini akashindilia, akaitikisa chupa sikioni mwa shangazi. Kimya. Shangazi akatabasamu, akainuka kwenda kubandika maji ya chai, na mlio wa vidonge ukatoka ubavuni mwake.

Alipiga hatua moja mbele: chaka. Moja nyuma: chaka.

"Ndivyo vile vya kwenye chupa?" aliuliza.

"Tikisika tena." Bobini alisikiliza. "Ndivyo."

"Haya, lete majani ya chai."

Wiki hiyo chupa ilikuwa nusu, na hakuna chupa inayolia kama ya nusu. Shangazi alikosa msiba mmoja kwa sababu hiyo. Siku ya Jumatatu dereva wa lori alikuja kuchukua koti lake, akainamisha kichwa.

"Fundi, una njugu kiunoni?"

"Nimemeza vifungo. Nilikuwa nimevibana mdomoni, mteja akanichekesha."

Jibu lilitoka bila kujikwaa, kwa kuwa alikuwa na uzoefu. Dawa hiyohiyo aliwahi kuiita ya kifua, kisha ya minyoo, na mwaka mmoja akaiita ya kuongeza akili, mpaka jirani akaomba kidogo kwa ajili ya mwanawe. Ukweli, Bobini aliambiwa na nesi, akiwa na miaka kumi na miwili.

Dereva alihesabu vifungo vya koti. Vinne.

"Vilikuwa vitano. Basi changu kimo humo."

Shangazi akamshonea kingine. Kufikia Ijumaa nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kudai vifungo, vingine vilivyopotea kabla shangazi hajajua hata kutunga uzi. Bibi mmoja aliweka sikio ubavuni mwake, akasikiliza kwa makini, akasema chake anakitambua, ni kile kinacholia kwa madaha.

Jumamosi iliyofuata kliniki, vijana walikuwa chumbani wanakula biskuti, na walezi wao wamekaa kwenye benchi la ukumbini. Babu mmoja alilia chaka gotini. Mama wa kambo mmoja alilia kiwikoni. Baba wa mapacha alilia pande zote mbili, akaombwa asipumue sana.

"Sauti haipotei, inahama," alisema nesi huku akiandika kwenye faili. "Tumeshaona wengi. Dawa yake ni kutoa pamba. Mtoto atikise chupa yake, na mtu akiuliza, ajibiwe."

Benchi lilinyamaza, isipokuwa goti la babu.

"Nesi, hakuna ya kupaka?" aliuliza babu.

"Hakuna."

Wakapiga kura kama pamba ibaki. Mikono yote ikainuka, kwa kelele nyingi. Vijana hawakuulizwa.

Jioni shangazi alifungua sanduku la chuma, akaanza kupanga sare za shule.

"Utaenda," alisema. "Wewe nyamaza huko, mimi nitalia huku."

"Ukichoka je?"

"Cherehani hii inalia miaka ishirini. Umeisikia ikilalamika?"

"Ungewaambia tu, shangazi."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba si vifungo."

Ng'ambo ya ukuta, jirani aliacha kutafuna.

"Ni vifungo," alisema shangazi kwa sauti ya kufika, na jirani akaendelea kutafuna.

Asubuhi ya kwanza bwenini, saa kumi na mbili na nusu, Bobini aliingia chooni, akafunga komeo, akatoa pamba, akameza kidonge kwa mate. Alipotoka, msichana wa choo cha pili naye alitoka. Sakafuni, katikati yao, palikuwa na kibonge cha pamba. Kila mmoja alipapasa mfuko wake.

"Yako?" aliuliza msichana.

"Mimi sina pamba."

"Hata mimi."

Walinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Bibi yangu alimeza mbegu za papai," msichana aliliambia bomba. "Ndivyo anavyosema."

"Shangazi yangu alimeza vifungo."

"Vingi?"

"Inategemea tarehe."

Msichana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa hesabu rahisi. Aliokota pamba, akaichana katikati, akampa Bobini nusu. Kisha wakatoka mmoja mmoja, wakipishana kidogo, asije mtu akauliza walikuwa pamoja humo wanafanya nini.